Usiuze Kazi Yako kwa Kangomba: namna ya kupanda kazini ukiwa Mtwara au Lindi

Mtu wa Kusini haelezwi kangomba ni nini. Kwa mgeni: ni kuuza korosho mapema, nje ya chama cha ushirika, kwa mnunuzi wa mtaani. Mwezi wa Agosti, mkorosho ungali na maua, shida imekukaba, mnunuzi anapita mlangoni na bakuli lake. Bei anaitaja yeye, kipimo kaja nacho yeye. Oktoba minada ikianza, jirani yako anasubiri malipo ya chama, wewe korosho zako zinaingia ghalani kwa jina la mtu mwingine.

Mimi nafanya kazi ghalani hapa Mtwara mwaka wa kumi na moja sasa, nimeanzia ukarani wa kupokea mzigo, leo ni msimamizi. Nimewaona wafanyakazi wengi wakiuza kazi zao kwa mtindo huo huo wa bakuli la mwenzio, na mimi mwenyewe niliuza. Mwaka wangu wa tatu msimamizi wetu aliugua. Bosi akaniita: "Dada, shikilia hapo kidogo." Kidogo hicho kikawa miezi saba, msimu mzima ndani yake. Funguo nilikaa nazo mimi, foleni ya magari niliipanga mimi, makuli wakigoma nilitoka kuongea nao mimi. Mshahara ulibaki wa karani.

Nafasi ilipotangazwa niliomba, nikaitwa kwenye usaili. Umewahi kusimamia ghala? Ndiyo. Kwa barua ipi? Sina. Ulikuwa unapokea magari mangapi kwa wiki, na tofauti ya mzigo ilikuwaje? Nikajibu kwamba magari yalikuwa mengi na tofauti ilikuwa ndogo. Mwenzangu aliyetoka Dar alikuja na karatasi mbili zimejaa tarakimu. Walimchukua yeye. Nililia siku mbili, lakini ningekuwa mimi upande ule wa meza, ningemchukua yeye pia.

Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoanza kuyafanya baada ya hapo. Yanamfaa mwalimu wa Newala, muuguzi wa Lindi mjini, mhasibu wa halmashauri, fundi wa kiwandani, karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika). Aliyejiajiri ana mambo yake mengine, simsemei.

Hatua ya kwanza: nunua kauntabuku

Si programu ya simu. Kauntabuku, ile ngumu, ya kwaya mbili inatosha miaka miwili. Nimewahi kuandika kwenye simu, simu ikaanguka Feri nikishuka kwenye kivuko cha Msangamkuu, mwaka wangu wa kazi ukabaki majini na samaki.

Kila Ijumaa jioni kaa nalo dakika ishirini. Nasema Ijumaa kwa sababu ofisi nyingi za huku baada ya swala ya mchana hupoa, simu zinapungua, na wiki bado iko kichwani. Ukisema utaandika Jumatatu umeshasahau nusu. Andika mambo manne tu: nilifanya nini, kwa kiasi gani, nani alikuwepo, na kipi kiliharibika.

Huu ni mfano wa ukurasa wangu wa msimu mmoja, niliounakili kama ulivyo:

"Ijumaa. Magari 14 yameshushwa, magunia 4,210. Gari la Jumatano hati inasema 312, mimi nimehesabu 309. Dereva alikuwepo, mlinzi alikuwepo. Magari mawili nimeyarudisha uani kwa unyevu, yakaanikwa, moja limeingia Alhamisi, moja bado. Mtu mpya wa kukata sampuli hajui kutenga zenye madoa na zilizooza, nimekaa naye asubuhi mbili. Kosa langu: nilisaini gari la Jumatatu kabla ya kupanda juu kuona tabaka la mwisho."

Hakuna sifa hata moja humo. Hakuna "nimefanya kazi kwa bidii na kujituma." Bidii haipimiki kwa mizani. Magunia 4,210 yanapimika, na miezi minane baadaye mtu akiuliza, una jibu ambalo halitegemei kumbukumbu wala upendeleo.

Watu wananiambia: sawa, wewe una magunia, mimi mwalimu nihesabu nini? Hesabu waliokuwa hawajui kusoma Januari na wanaosoma Juni. Hesabu madaftari uliyosahihisha, vipindi ulivyomshikia mwenzako aliye likizo ya uzazi. Muuguzi ahesabu zamu, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliowaongoza, mara ngapi dawa iliisha stoo na yeye aligundua siku ngapi kabla. Mtu wa mapokezi ahesabu malalamiko aliyoyamaliza hapo hapo bila kuyapandisha juu. Kila kazi ina gunia lake. Ukishindwa kuliona, muulize anayekupokea zamu: siku nisipokuwepo, nini kinakwama?

Neno la tahadhari kabla hatujaenda mbele. Daftari ni lako, siri si zako. Usiandike jina la mgonjwa, bei ya mteja, nywila, wala maneno ya kikao cha nidhamu. Tarakimu na kazi, basi.

Kuhusu yale magunia matatu. Ilichukua siku mbili kujua yalikwenda wapi: hayakwenda popote, yalihesabiwa mara mbili huko yalikopakiwa. Lakini kwa ajili yake nilianzisha utaratibu wa kuhesabu sehemu mbili, mmoja nyuma ya gari, mwingine kwenye rundo, kila mmoja na karatasi yake, na hawaoneshani mpaka gari liishe. Msimu uliofuata mabishano na madereva yalipungua sana, na wasifu wangu leo una mstari mmoja unaosomwa kuliko mingine yote: nilibuni uhesabuji wa sehemu mbili. Umetoka kwenye safu ya "kipi kiliharibika". Kwa hiyo usione haya kuijaza hiyo safu. Ndiyo yenye mali.

Mtumishi wa umma atasema yeye tayari anajaza PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji kazi uliochukua nafasi ya OPRAS. Vizuri. Lakini unajua na mimi najua jinsi mfumo unavyojazwa: siku ya mwisho, mtandao unasuasua, mtu anamuuliza wa pembeni "wewe umeandika nini?" Mwenye daftari la Ijumaa anaingiza kazi zake kwa nusu saa, na msimamizi wake akitaka kumpunguzia alama ana la kumwonesha.

Hatua ya pili: itoe barua ya ajira kabatini

Wengi tuliisoma mara moja, tena macho yakiwa kwenye mshahara. Isome upya, uiweke pembeni ya daftari la miezi mitatu. Upande mmoja ni kazi uliyoajiriwa kufanya, upande wa pili kazi unayoifanya.

Mara nyingi utakuta mambo mawili. Kuna kazi za barua usizozigusa kabisa, na hizo ndizo watakazokuulizia siku wakitaka kukunyima, zishike. Na kuna kazi usizoandikiwa ambazo zinakula nusu ya wiki yako. Hizo ndizo hoja yako.

Kwa walio sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, majukumu ya kazi yakiwemo. Yakibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana nawe, kuyarekebisha na kukujulisha kwa maandishi. Sikuambii uende ofisini na sheria mkononi kama umeenda kushitaki. Ujue tu kwamba unapoomba karatasi huombi hisani.

Kwa serikalini, tafuta muundo wa utumishi wa kada yako. Afisa utumishi anao. Ndani yake imeandikwa daraja lako linataka nini ili uende linalofuata: miaka mingapi, sifa ipi ya elimu, cheti gani. Nimekutana na mtumishi wa miaka tisa kazini aliyekuwa akilalamika kila msibani kwamba amesahauliwa, kumbe kada yake inataka cheti ambacho hajawahi hata kukiulizia.

Hatua ya tatu: kukaimu kwa mdomo ni kangomba yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Mikoa yetu iko mbali. Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, na mtu akihamishwa au akistaafu huku, wa kuziba nafasi hachelewi wiki, anachelewa miezi. Ndiyo maana kukaimu ni jambo la kila siku Kusini kuliko ilivyo kwa wenzetu walio karibu na makao makuu. Hiyo ni nafasi nzuri mno. Karani wa Dar anasubiri miaka kumi kushika funguo ambazo wewe wa Masasi umezishika ukiwa na miaka mitatu kazini. Lakini bila maandishi, ulichopata ni uchovu.

Ukiambiwa "shikilia hapo", itikia, halafu siku hiyo hiyo kabla hujaondoka andika ujumbe. Barua pepe ni bora. WhatsApp inafaa kuliko kunyamaza. Usidai kitu. Rudia tu ulichoambiwa:

"Shikamoo mzee. Kama ulivyonielekeza leo asubuhi, kuanzia kesho tarehe 4 nitasimamia ghala namba 2 mpaka msimamizi atakaporudi. Nimepokea funguo na leja mbele ya mlinzi. Kama kuna jambo nimelielewa vibaya naomba unisahihishe. Pia naomba utaratibu wa barua ya kukaimu ufanyike ofisi ya utumishi itakapopata nafasi."

Basi. Umeandika tarehe, kazi, makabidhiano na ombi, na hujamkosea mtu adabu. Asipojibu, ujumbe wako umebaki pale na tarehe yake. Akijibu "sawa", una barua ya nusu.

Baada ya wiki mbili ulizia barua yenyewe kwa utulivu. Serikalini posho ya kukaimu ina kanuni zake na haitoki bila uteuzi wa maandishi. Kwa binafsi inategemea mkataba na mapatano. Hata kama posho haipo kabisa, bado chukua barua. Kuna watu wanakataa kukaimu kwa sababu hakuna hela. Siwalaumu, maisha ni magumu, lakini mimi ningekubali bila hela na nisingekubali bila karatasi.

Siku ya kumkabidhi mwenye nafasi, fanya makabidhiano ya kuandika: mzigo uliokuwepo siku umepokea, uliopo siku unatoa, madeni, funguo, kesi ambazo hazijaisha. Wote wawili msaini, nakala moja ibaki kwako. Siku ile ya usaili wangu, karatasi kama hiyo moja tu ingetosha.

Hatua ya nne: panga masomo kwa msimu, si kwa Januari

Kila mwaka mpya watu wanaapa kusoma. Kusini mwaka haugeuki Januari. Kuanzia Oktoba korosho zinaposhuka, mji mzima unabadilika: benki foleni, hospitali wagonjwa wa ajali za bodaboda, maduka wanafunga usiku, halmashauri wanahangaika na ushuru, sisi wa maghala ndiyo usiseme. Hata kama kazi yako haina uhusiano na korosho, bado ndugu watakuja mjini, harusi na ngoma za unyago na jando zina msimu wake pale hela ikishaingia. Kupanga kusoma Novemba ukiwa Mtwara ni kujidanganya.

Sasa angalia: mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ina vikao vyake vikuu vya Mei na Novemba. Mhasibu wa huku anayejiandikisha Novemba anapambana na mnada na mtihani kwa wakati mmoja. Mimi ningemwambia ashike Mei: Februari mzigo umepungua, mvua inanyesha, jioni ni ndefu, ana miezi mitatu ya kusoma. Ununuzi na ugavi nao wana bodi yao, PSPTB, na kwa mtu wa stoo au ghala kusajiliwa huko kunafungua milango ambayo uzoefu peke yake haufungui. Kabla ya kulipa ada yoyote, chukua kalenda ya bodi yako na kalenda ya kazi yako uziweke meza moja.

Na huhitaji kuhama. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Mtwara, na Stella Maris ipo hapa hapa mjini. Mafundi wana njia ambayo naona inatumika kidogo kuliko inavyostahili: VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa. Fundi makenika aliyejifunza chini ya mwembe Masasi anapimwa kwa vitendo, palipo na pengo anafundishwa pengo hilo tu, anapewa cheti. Viwanda na miradi haviajiri "anajua sana", vinaajiri cheti, na mtu wa aina hiyo anaweza kukipata bila kurudi shule miaka miwili. Wa kada za afya tayari mnajua habari za pointi za mafunzo endelevu kwa ajili ya kuhuisha leseni. Jambo la kuongeza ni kwamba msikimbilie semina yoyote yenye pointi na chai. Chagua zinazofuatana, ili mwisho wa miaka miwili uwe mtu wa kitu fulani.

Kuhusu shahada ya pili nina mawazo ambayo yataudhi baadhi. Ukienda kusoma kwa sababu umechoka na bosi, utarudi na shahada umkute bosi. Kwanza hakikisha muundo wako unaitaka, au nafasi unayoilenga inaitaja. Na tafadhali, ada isitoke kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Kama bado unakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya mkopo wa elimu ya juu, ukaongeza na mkopo wa mtaani, utakaa darasani unawaza marejesho. Bora kozi fupi moja unayoilipa mwenyewe.

Kiingereza na Excel, vyote viwili, jifunze kidogo kidogo. Kiingereza cha kuandika barua na taarifa, si cha kubishana mpira. Excel ujue kuchuja, kujumlisha kwa masharti na kutengeneza jedwali la muhtasari. Nilifundishwa na kijana wa mazoezi kutoka chuo, kwa chai na vitumbua, wiki tatu.

Hatua ya tano: tafuta mkubwa wa kazi

Mtwara ni mji mdogo. Mkuu wa idara unakutana naye sokoni ameshika mfuko wa dagaa, unakutana naye Nangwanda Sijaona siku ya mechi, unakaa naye jamvi moja msibani. Dar mtu anaandika barua pepe tano kumpata mtu wa aina hiyo. Sisi tunaye pale, tunamsalimia na kupita.

Chagua mmoja aliyefanya kazi unayoitaka, si lazima awe wa ofisi yako, bora asiwe. Wastaafu ni hazina: wana muda na hawamwogopi mtu. Usimwombe "unisaidie nipate kazi," hapo umemtwisha mzigo na ataanza kukukwepa. Muombe jambo dogo lenye mwisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, mimi niko ghala lile la njia ya bandarini. Nasikia wewe ndiye uliyekuwa unapanga foleni za magari enzi stakabadhi ghalani inaanza. Kuna jambo moja la unyevu linanisumbua, naomba Jumamosi nipite nyumbani nusu saa unielekeze."

Mzee yule alinikalisha saa tatu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mzigo wa mkulima kuwekwa ghalani kwa stakabadhi na kuuzwa mnadani, ulipoanza huku msimu wa 2007/08 yeye alikuwepo, na alinieleza makosa ya miaka ile ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote: mzigo uliowekwa sakafuni bila mbao chini yake, magunia yaliyogusa ukuta, mlango wa upande wa bahari ulioachwa wazi usiku. Nenda na daftari lako. Mtu mzima akiona unaandika anayoyasema, anaongea mpaka unachoka wewe.

Ukishatekeleza alichokuambia, rudi umwambie kilichotokea. Hapo ndipo wengi tunapoanguka. Tunachota, tunaondoka, tunarudi tukiwa na shida nyingine.

Hatua ya sita: siku ya kuomba

Wakati kwanza. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na kampuni nyingi nazo zina mwezi wao wa bajeti. Ombi linaloletwa Juni linakuta hela imeshagawiwa. Peleka wakati bajeti inaandaliwa; kwa serikalini maana yake mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Na usilete siku ambayo gari limepinduka au mkaguzi amefika.

Toa kwenye daftari mambo matatu tu. Najua una mia. Matatu. Yaandike ukurasa mmoja: hali ilivyokuwa, ulichofanya, hali ilivyo sasa, nani anashuhudia. Ambatanisha barua za kukaimu na makabidhiano. Omba miadi, usimvamie mlangoni.

Kikaoni, anza na kazi, usianze na maisha. Bei ya mchele, ada za watoto, kodi ya nyumba kule Shangani, yote ni kweli na hayamhusu. Bosi anayo yake. Mimi mara ya pili nilisema hivi: "Mzee, msimu huu nimepokea mzigo mkubwa kuliko uliopita nikiwa na watu wale wale, na tofauti zote zimefungwa kabla ya mnada. Karatasi iko hapa. Naomba nifikiriwe kwenye nafasi ya usimamizi msaidizi, na kama kuna ninachopungukiwa, naomba nikijue leo." Halafu nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi watu wa heshima tukiona mkubwa kanyamaza tunaanza kujipunguza wenyewe: "lakini si lazima sasa mzee, hata mwakani..." Usijipunguze. Acha karatasi iongee.

Alisema atafikiria. Nilimwandikia jioni yake kumshukuru na kurudia tulichozungumza. Miezi miwili ikapita, nikaulizia mara moja. Wa tatu barua ikatoka, na mshahara ulikuwa mdogo kuliko nilivyotaka. Niliusaini.

Wakikataa

Uliza kipi kinapungua na mpaka lini. Wakikutajia kitu, kitimize na urudi nacho. Wakikuzungusha misimu miwili, anza kutafuta, ukiwa bado kazini. Daftari sasa linageuka kuwa wasifu: kila mstari una kitendo na tarakimu, na kurasa mbili zinatosha. Kwa nafasi za serikali, akaunti yako kwenye Ajira Portal iwe imekamilika kabla tangazo halijatoka. Nafasi nyingi zinapotea kwa sababu mtu anahangaika kuthibitisha cheti siku ya mwisho. Ukiondoka sekta binafsi, usiondoke bila hati ya utumishi. Sheria inakupa haki hiyo hata kama mmeachana vibaya.

Jambo moja la kwetu. Tuna ugonjwa wa kusubiri. Gesi ya Mnazi Bay ilipovuma na bomba likajengwa, niliona watu wakiacha kazi za kudumu ili wawe "tayari", wengine wakakopa kujenga nyumba za kupangisha wageni. Sasa masikio yako Likong'o, Lindi, kwenye mradi wa kusindika gesi. Ukija, kanuni za ushiriki wa Watanzania za mwaka 2017 zinatoa kipaumbele kwa Watanzania wenye sifa, na neno zito hapo ni sifa: fundi wa kuchomelea mwenye cheti, dereva mwenye leseni ya daraja husika na rekodi safi, mtu wa stoo aliyesajiliwa na bodi yake. Hizo zinapatikana leo ukiwa kwenye kazi uliyo nayo. Kuacha kazi ili kusubiri mradi, hapana.

Uhamisho wa kwenda Dar nao nauweka hapo hapo. Ukiwa na sababu, nenda. Lakini wengi wanahama na cheo kile kile, wanaongeza kodi na foleni. Ningependa mtu ahame akiwa amepanda.

La mwisho ni utunzaji. Hewa ya bahari inakunja karatasi, na mchwa wa Mtwara hana adabu. Weka daftari kwenye ndoo yenye mfuniko au juu ya kabati la chuma, na kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa, ujitumie kwa barua pepe. Daftari langu la pili niliacha chini ya kitanda kipindi cha masika. Kuanzia Machi mpaka Juni ya mwaka ule sina ukurasa hata mmoja, na kwenye usaili wa mwisho waliniuliza habari za Mei.